Sura ya 6: Skrini Nyembamba Kwanza

Tuseme kuna chuo kidogo cha ufundi mjini Ruiru. Kimepanga orofa mbili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kinafundisha umeme, ushonaji na upishi. Tovuti yake ilitengenezwa na barobaro mmoja aliyelipwa mara moja akaenda zake. Sasa mwenye chuo ameambiwa kwamba tovuti inapaswa kutumika na watu wenye ulemavu pia, naye ametenga shilingi 20,000 ikaguliwe. Chuo hiki nimekibuni. Kasoro nitakazokitwika sikuzibuni. Anayetengeneza tovuti kwa riziki atazitambua, na pengine atamtambua hata aliyezifanya.

Tutakaa sana kwenye ukurasa mmoja wa tovuti hiyo, ukurasa wa ada. Mhasibu wa chuo anaufungua kwenye kompyuta ya mezani na kuona jedwali la safu tano: kozi, muda, ada ya muhula, ada ya mtihani, jumla. Mzazi anaufungua kwenye simu akiwa ndani ya matatu inayotoka Githurai, na jedwali limevunjika kuwa visanduku vilivyopangwa wima, kila kozi na kisanduku chake. Mtu wa tatu ni mwanamke mwenye uoni hafifu, yuko Thika na laptopu yake. Amekuza kivinjari hadi asilimia 400, kwa sababu chini ya hapo hazioni herufi sawasawa. Je, yeye anaona nini?

Wengi hujibu kwamba anaona jedwali la mhasibu, ila kubwa zaidi. Sivyo. Dirisha lenye upana wa pikseli 1280 likikuzwa mara nne, kivinjari huhesabu kwamba upana uliobaki ni pikseli 320, na tovuti hudhani imefunguliwa kwenye simu nyembamba. Basi inamletea visanduku vile vile vya mzazi, na juu ya ukurasa, badala ya menyu iliyotandazwa, anapata mistari mitatu midogo ya kubonyeza. Lakini hana simu mkononi. Ana kibodi. Anautumia mwonekano wa simu kwa chombo ambacho mtengenezaji hakukifikiria hata kidogo alipoupanga, kwa maana alijiambia kwamba hapa watu watatumia vidole.

Mwanamke huyu ndiye atakayetuonyesha namna ya kutumia shilingi 20,000. Mwonekano wa tovuti si kifaa. Mwonekano wa simu humfikia mtu mwenye laptopu, na ule wa kompyuta humfikia mtu mwenye tableti aliyoilaza. Anayekagua kwa kuhesabu vifaa atanunua simu nyingi na bado atamkosa. Anayekagua kwa kuhesabu upana anaweza kumpata akiwa na laptopu moja tu, bila kununua chochote.

Tovuti za kujikunja kufuata skrini zilipata jina lao Mei 2010, Mmarekani Ethan Marcotte alipochapisha makala iliyoeleza jinsi ya kuzijenga. Kabla ya hapo mashirika mengi yalikuwa na tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, na ile ya simu mara nyingi ilikuwa mtoto wa kambo: haina hiki, haina kile. Mbinu mpya iliunganisha zote mbili kwenye kodi moja yenye vizingiti. Upana ukishuka chini ya kizingiti fulani, menyu inajikunja, safu zinapangana, picha zinabadilika. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, ambao toleo lake la kwanza ni la 1999, ulichelewa kidogo kulifikia jambo hili. Toleo la 2.1 la Juni 2018 ndilo lililotaka ukurasa usomeke kwa upana wa pikseli 320 bila kumlazimisha msomaji kusukuma kulia na kushoto kwa kila mstari. Toleo hilo pia lilisema wazi kwamba kila umbo ambalo ukurasa hujipa wenyewe kulingana na ukubwa wa skrini ni sehemu ya ukurasa. Umbo moja likianguka mtihani, ukurasa mzima umeanguka.

Ukilisoma sharti hilo ukiwa na bajeti ya chuo cha Ruiru unaweza kuufunga mwongozo ukaenda kunywa chai. Kurasa tano, upana wa aina nne, vivinjari vitatu, na njia tatu za kutumia, yaani kibodi, kisoma-skrini (programu inayotamka yaliyo kwenye skrini) na kidole: hiyo ni michanganyiko 180. Wenye uwezo hulipia kila mwezi huduma za kukodisha simu zilizo mbali, wakazijaribu moja moja kupitia kivinjari. Chuo chetu hakina uwezo huo, na kwa maoni yangu hata kingekuwa nao kisianzie hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya michanganyiko hiyo hutoa jibu lile lile mara kumi.

Hutoa jibu lile lile kwa sababu kasoro za ufikivu zina makao mawili. Nyingine hukaa kwenye maudhui. Picha ya tangazo la zabuni isiyo na maelezo ya maandishi ni bubu kwenye simu na ni bubu kwenye kompyuta. Kisanduku cha fomu kisicho na jina hakina jina popote. PDF iliyopigwa skani, ambayo kwa kisoma-skrini ni karatasi tupu, ni tupu kwa kila upana. Hizi zikague mara moja tu, kwa upana wowote unaokupendeza, kisha usizirudie. Nyingine huzaliwa na umbo: menyu, jedwali, mpangilio wa vitu, vitufe vinavyoelea, ukubwa wa mahali pa kubonyeza. Hizi ndizo zinazodai kila kizingiti kitazamwe, na ndiko saa zako zinakopaswa kwenda.

Mpaka kati ya makao hayo mawili si ukuta. Rangi, kwa mfano, huonekana kama jambo la maudhui. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na rangi haibadiliki kwa sababu skrini imepungua. Lakini chukua kauli ya chuo iliyoandikwa kwa herufi nyeupe juu ya picha ya wanafunzi. Kwenye kompyuta maneno yameangukia ukuta wa kijani kibichi. Kwenye simu picha imekatwa pembeni, na maneno yale yale yameangukia shati jeupe la sare. Popote maandishi yalipowekwa juu ya picha, angalia kila umbo.

Kasoro moja ya maudhui nitaitaja kwa sababu ni yetu zaidi kuliko ya wengine. Kila ukurasa hutangaza lugha yake mwanzoni mwa kodi, kwa herufi mbili. Tovuti nyingi za Kiswahili zilijengwa juu ya violezo vya Kiingereza na hazijabadilishwa. Ukurasa unasema Kiswahili huku kodi ikitangaza Kiingereza. Kisoma-skrini huiamini kodi. Kinayasoma maneno “ada ya muhula” kwa matamshi ya Mwingereza aliyeteremka uwanja wa ndege asubuhi hii. Ukiandika sw badala ya en, kisoma-skrini cha NVDA kinachotumia injini ya sauti kinachokuja nayo, eSpeak NG, hubadili sauti na kuyasoma kwa Kiswahili, kwani injini hiyo ina Kiswahili. Ni herufi mbili, na hazina gharama. Tovuti inayochanganya lugha, kama zilivyo nyingi za Kenya, iweke alama kwenye kila kipande kilicho katika lugha ya pili.

Sasa vyombo. NVDA ni kisoma-skrini cha Windows kilichoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, kwa sababu visoma-skrini vya wakati huo vilikuwa ghali kupita kiasi kwa watu waliovihitaji. JAWS, mkongwe wa 1989, ni chombo kizuri, lakini leseni yake ya kudumu hupita dola 1,000. NVDA ni bure, na kwa mkaguzi anayeona ina kidirisha kinachoandika kila neno linalotamkwa, kwa hiyo huhitaji hata vipokea sauti. Kwenye simu za Android kuna TalkBack, ambayo Google imekuwa ikiitoa tangu 2009. Kwenye kivinjari, WAVE ya shirika la WebAIM na axe ya kampuni ya Deque huongezwa bure na hutoa orodha ya kasoro kwa sekunde chache. Firefox na Chrome zina hali ya kuupunguza ukurasa hadi upana wowote unaoutaka. Fungua zana za mtengenezaji kisha bonyeza Ctrl, Shift na M.

Orodha ya sekunde chache huwalewesha watu. Kila mwaka WebAIM hupitisha chombo chake kwenye kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na mwaka 2025 asilimia 94.8 zilikutwa na kasoro. Asiyejua hudhani basi kwamba tovuti isiyo na alama nyekundu imesalimika. Mwaka 2017 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilitengeneza ukurasa mbovu kwa makusudi, wenye vikwazo 142, kisha kikaupitisha kwenye vyombo vya aina hii. Kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikamata vikwazo 40 kati ya kila 100.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaotumia vyombo hivi mara nyingi hawaligundui. Chombo hukagua kilicho mbele yake wakati huo. Menyu ya mistari mitatu ambayo haijafunguliwa imefichwa, na chombo hakigusi kilichofichwa. Ukiendesha axe kwenye dirisha pana la ofisini, hujakagua hata kiungo kimoja cha menyu ya simu. Ukiiendesha kwenye pikseli 320 na menyu imefungwa, bado hujaigusa menyu hiyo. Ni sawa na fundi cherehani anayempima mteja suti akiwa amesimama tu, asimwambie akae wala ainame. Kwa hiyo kila upana uendeshe mara mbili, vitu vyote vikiwa vimefungwa na vikiwa vimefunguliwa: menyu, maswali ya kukunjua, dirisha la tangazo linalochomoza, ujumbe wa makosa kwenye fomu iliyojazwa vibaya. Mwenye ujuzi kidogo wa kuandika amri anaweza kuiachia pa11y kazi hiyo. Ni programu huria, unaiambia upana na kitufe cha kubonyeza, nayo inapita kurasa zote usiku.

Upana gani basi? Mimi huanza na 320, halafu 360, upana wa simu nyingi za Android zinazouzwa madukani kwetu, halafu pikseli chache juu na chini ya kila kizingiti cha tovuti yenyewe. Vizingiti vimeandikwa kwenye faili la mitindo. Ukivuta ukingo wa dirisha polepole utaviona pia, kwani ukurasa huruka. Kuchungulia pande zote mbili za kizingiti ni muhimu, maana hapo ndipo hutokea kichekesho cha menyu mbili kuonekana pamoja, au kutoonekana hata moja. Upana mkubwa wa ofisini uache mwisho. Kila mtu ameshautazama.

Turudi kwenye ukurasa wa ada, tuuweke kwenye pikseli 320, tuitupe kando mausi na kubonyeza Tab. Alama ya kuonyesha ulipo inapotea. Unabonyeza tena, mara kumi na zaidi, na hakuna kinachosogea. Kinachotokea ni kwamba menyu iliyofungwa haikufichwa kwa kweli; imesukumwa tu nje ya skrini, upande wa kushoto, na kibodi inatembea kwenye viungo vyake gizani. Anayetumia kidole hatajua kamwe. Mistari mitatu yenyewe Tab inairuka, na Enter haifungui menyu, kwa sababu mtengenezaji aliweka picha inayosikiliza mguso badala ya kitufe halisi. Kwa mwanamke wetu wa Thika tovuti imekwisha hapo. Kwake viungo vyote vya chuo, fomu ya maombi pamoja na ramani, viko nyuma ya mistari mitatu isiyofunguka, ilhali mhasibu anaviona vyote vimetandazwa juu ya ukurasa na angeapa mahakamani kwamba vipo.

Tuseme amefika kwenye jedwali kwa njia nyingine. Ili kulivunja kuwa visanduku, mtengenezaji alificha mstari wa juu wenye majina ya safu. Kwa macho haikuharibu kitu, kwani kila kiasi kimeandikiwa jina lake pembeni kwa mapambo ya mtindo, ambayo si lazima kisoma-skrini kiyatamke. Mtu asiyeona anaweza kusikia “18,500, 4,200, 22,700” na kuachiwa abahatishe ipi ni ya mtihani. Kwenye upana wa kompyuta jedwali lile lile lingempa kila kitu: kwa Ctrl, Alt na mishale, NVDA hutamka jina la safu kila unapovuka. Ushauri wangu hapa huwashangaza watengenezaji: usilivunje jedwali. Acha libaki jedwali, liweke ndani ya fremu inayosukumika kulia na kushoto, na hakikisha fremu hiyo inafikiwa kwa kibodi. Sharti la pikseli 320 linasamehe majedwali ya takwimu, kwa kuwa maana yao iko kwenye safu na mistari. Watu wengi wamelivunja jedwali kutii sheria ambayo haikuwaagiza.

Kona ya chini kulia, duara la kijani la WhatsApp linaelea. Nani leo anafungua biashara Thika Road bila duara hilo? Kwenye kompyuta halimsumbui mtu. Kwenye pikseli 320 limekalia kitufe cha “Tuma ombi”, na anayeruka kwa Tab anafika kwenye kitufe asichokiona. Kichwa cha ukurasa kilichogandishwa juu nacho, ambacho kwa kawaida ni utepe mwembamba, kikikuzwa mara nne kinameza nusu ya skrini. Toleo la 2.2 la WCAG, la Oktoba 2023, limeliandikia sharti jambo hili: kitu kilicholengwa na kibodi kisifunikwe chote. Limetaka pia mahali pa kubonyeza pasiwe chini ya pikseli 24 kwa 24, isipokuwa pawe na nafasi ya kutosha kuzunguka.

Mawili ya haraka. Angalia kama kodi inakataza kukuza kwa vidole. Ni neno moja, user-scalable, ambalo hunakiliwa kutoka kiolezo hadi kiolezo. Tangu 2016 iPhone hulipuuza katazo hilo, na Chrome ya Android ina mpangilio wa kulivunja, lakini wangapi wanajua ulipo? Kisha ilaze simu. Mjini Thika kuna Joytown, shule ya Jeshi la Wokovu ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na mtu ambaye simu au tableti yake imefungwa kwenye mkono wa kiti cha magurudumu hawezi kuigeuza kila fomu inapomtaka aisimamishe.

Hadi hapa hatujatumia hata shilingi. Zimetumika siku za mkaguzi na bando la intaneti. Pesa taslimu ziende kwa watu, na kwa hilo Ruiru ina jirani ambao miji mingi haina. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na shule ya upili ikafuata baadaye. Vizazi vya wanafunzi vimepita pale, wakitumia kwanza nukta nundu na mashine za kuziandikia, mashine nzito zenye kelele. Mwaka 2009 Irene Mbari-Kirika alianzisha shirika la inABLE, na maabara yake ya kwanza ya kompyuta kwa wasioona ilikuwa hapo Thika; nyingine zilifuata kwenye shule za wasioona sehemu nyingine za nchi. Maana yake kwa mkaguzi ni rahisi. Ndani ya safari fupi ya matatu kuna watu wazima ambao wamekuwa wakitumia kisoma-skrini tangu utotoni, wanaojua kompyuta kuliko mwenye chuo, na wengi wao wanatafuta kazi.

Usiende shuleni kuomba watoto wakufanyie majaribio. Wana masomo yao, na wageni wenye miradi hawajawahi kupungua. Tafuta watu wazima, kupitia vyama vyao au wahitimu wanaofahamiana, na uwalipe kama unavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote. Kwenye bajeti yetu ningewaweka wawili: mmoja asiyeona, mwingine mwenye uoni hafifu au anayetumia kibodi pekee kwa sababu ya mikono. Shilingi 5,000 kila mmoja kwa kikao cha saa tatu, shilingi 2,000 za nauli na bando, shilingi 5,000 za mkaguzi kuandika ripoti, na shilingi 3,000 zikae kando. Viwango hivi ni pendekezo langu. Asiyeridhika navyo aongeze upande wa wajaribu, asipunguze.

Waje na vyombo vyao. Mtu aliyezoea TalkBack kwenye simu yake ya Tecno iliyopasuka kioo atakuonyesha mengi kuliko ukimpa simu mpya yenye mipangilio asiyoijua. Utasikia sauti ikikimbia kwa kasi ambayo wewe hutashika hata neno; usimwombe aipunguze, washa kidirisha cha maandishi kama ni NVDA, vinginevyo subiri akueleze. Na usimwambie akague tovuti. Mpe kazi ambayo mteja wa chuo angekuja nayo: jua kozi ya umeme inagharimu kiasi gani hadi mwisho, omba nafasi ya muhula ujao, tafuta njia ya kufika kutoka kituo cha Ruiru. Kisha nyamaza. Kwa anayeijua tovuti hakuna kazi ngumu kuliko hii, kwa sababu mkono utakuwasha kuelekeza. Jambo unalotaka kuliona ni pale anapokwama, na anakokwenda akikwama.

Kikao kigawe kwa upana, wala si kwa kurasa. Asiyeona afanye kazi ya kwanza kwenye simu na ya pili kwenye laptopu, kwani visoma-skrini viwili hivyo havifanani tabia. TalkBack humtembeza mtu kitu kwa kitu kwa kupapasa, NVDA humruhusu kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa herufi H. Mwenye uoni hafifu aanze na kiwango chake cha kila siku cha kukuza, kiwe kipi. Hapo ndipo makisio yako ya 320 hukutana na ukweli. Wengine hukuza mara mbili tu, wakaangukia umbo la katikati, lile la tableti, ambalo hakuna aliyelipanga kwa makini kwa sababu hakuna ofisini mwenye tableti.

Sheria nitaitaja kwa ufupi, maana mwenye chuo atauliza. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia ipasavyo mahali, usafiri wa umma na habari. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952, na mwaka 2025 ikapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003. Sipendi kuanza mazungumzo kwa kumtisha mtu na mahakama. Mwenye chuo huelewa haraka zaidi anapokaa kwenye kikao na kumtazama mtu aliyekuja na nia ya kulipa ada akishindwa kujua ada ni kiasi gani.

Ripoti iwe kurasa mbili. Kwa kila kasoro andika ilionekana kwa upana gani, kwa chombo gani, ikamzuia nani kufanya nini. Kifungu cha WCAG kiandikwe mwisho wa mstari. Panga kwa uzito wa kazi iliyokwama: menyu isiyofunguka na fomu isiyotumwa kwanza, rangi iliyofifia ya kijachini baadaye. Kasoro isiyotajiwa upana humrudishia mtengenezaji kisingizio chake cha zamani, kwamba kwake inafanya kazi, naye hatakuwa anadanganya.

Shilingi 3,000 zilizokaa kando ni za kurudia baada ya marekebisho, mjaribu mmoja, saa moja na nusu. Usizihamishe. Anayerekebisha menyu kwenye pikseli 320 huivunja kwenye 768 mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu ni kodi ile ile. Na kabla hujaondoka keti nusu saa na mhasibu. Muhula ujao ada itabadilika, naye ameshazoea kupata bango la ada mpya kutoka kwa mpiga chapa, picha moja yenye rangi tano, analolituma kwenye WhatsApp na kulibandika kwenye tovuti palipokuwa na jedwali. Mwonyeshe jinsi ya kubadili tarakimu ndani ya jedwali lenyewe, afanye yeye huku wewe ukitazama, mara mbili. Nusu saa hiyo haimo kwenye bajeti niliyoipanga hapo juu, kwa hiyo iandike kwenye mkataba.